Kabla ya Kutoa Sadaka

Jumapili asubuhi huko Kinyala, katika wilaya ya Rungwe, mvua ikiisha kunyesha usiku kucha kama ilivyo desturi ya nchi ile, watu hushuka katika njia zenye utelezi kwenda kusali Misa. Huyu amejitwika mkungu wa ndizi, yule amebeba chupa ya maziwa, mama mmoja ana kikapu cha maparachichi, na mtoto nyuma yake amemkumbatia kuku. Ni sadaka zao. Wakati wa matoleo vitu hivyo vitapelekwa mbele kwa nyimbo na vigelegele, naye Padre atavipokea na kuviweka karibu na altare. Jambo hili ni jema, wala hatuna neno la kulipunguzia heshima yake. Wengi wa hao watoao si matajiri. Wametoa katika kidogo walicho nacho, na Mungu aliyezitazama senti mbili za mjane Hekaluni amewaona.

Lakini, wasomaji wapenzi, twataka leo kuuliza swali moja ambalo halipendezi sana kuulizwa siku ya Jumapili. Mkungu ule wa ndizi umekatwa katika shamba la nani?

Msidhani twawashtaki Wakristu wa Kinyala. Swali hili lafaa kuulizwa Kibosho na Bukoba, Songea na Kisii, mahali popote ambapo ardhi ni nzuri na watu ni wengi. Twaitaja nchi ya Rungwe kwa kuwa ni mfano ulio wazi. Udongo wake ni wa volkano, na mvua yake ni nyingi kuliko ya sehemu nyingi za Tanzania. Migomba, chai, kahawa na viazi humea huko kwa wingi, na katika miaka hii ya karibuni maparachichi yamepata soko hata ng'ambo. Pembe ya shamba ambayo babu aliiacha iote majani, leo ni fedha. Na penye fedha, mpaka uliolala miaka arobaini huamka.

Bwana wetu Yezu Kristu alisema neno la wazi juu ya jambo hili, katika Injili ya Mateo, sura ya 5, aya ya 23 na ya 24. Mtu amekwisha kuleta sadaka yake mpaka altareni. Hapo akumbuka kwamba ndugu yake analo jambo juu yake. Aambiwa aiache sadaka papo hapo, aende kwanza kupatana na nduguye, ndipo arudi kuitoa. Tumelisikia fundisho hilo mara nyingi, hata halitushtui tena. Lakini litazameni kwa makini, maana wengi wetu hulisoma kinyume. Twadhani Bwana asema juu ya mtu aliye na kinyongo na ndugu yake. Sivyo. Fundisho hilo liko mahali pengine, katika Injili ya Marko, sura ya 11, ambapo twaamriwa kusamehe tusimamapo kusali. Katika Mateo mambo yamegeuzwa. Mwenye uchungu si yule aliyeko altareni. Ni mwingine, ambaye yuko nyumbani, au amekaa benchi la nyuma, au hakuja kabisa. Aliyeko altareni huenda moyo wake umetulia kama maji ya mtungi.

Na hapo ndipo ulipo ugumu. Kusamehe ni kazi ngumu, twakubali, lakini mwenye kusamehe hubaki na heshima yake: ni yeye aliyekosewa, na ni yeye atoaye. Kumwendea mtu tuliyemkosea ni safari ya namna nyingine. Huko twaenda mikono mitupu, na pengine kuna kitu cha kurudisha.

Tuweke mfano. Mtu amefariki, ameacha mke na watoto watatu wadogo. Baada ya matanga, ndugu wa marehemu asema kwa upole mbele ya ukoo kwamba shamba la bondeni atalitunza yeye mpaka watoto wakue. Hakuna anayepinga, kwa sababu jambo lenyewe lasikika kama huruma. Mjane aachiwa nyumba na migomba michache iliyoizunguka. Mwaka wa kwanza aletewa gunia la mahindi. Mwaka wa pili aletewa nusu gunia. Mwaka wa tatu shamba limepandwa miparachichi, na mtu hapandi miparachichi katika shamba analokusudia kulirudisha kesho. Mjane hasemi neno. Aseme nini, na amwambie nani? Madaftari na sare za watoto mara nyingine hutoka mkononi mwa shemeji huyo huyo, naye aogopa kuyakosa hata hayo. Kila asubuhi amsalimu, na shemeji aitikia vizuri.

Sasa mwulizeni shemeji, Pasaka ikikaribia, kama ana ugomvi na mtu. Atajibu kwamba hana. Wala hasemi uongo! Yeye hana neno na mtu, na kwa nini awe nalo? Shamba analo. Atakwenda katika Kitubio, atataja hasira, na matusi, na sala za asubuhi alizozikosa. Shamba la bondeni halitatajwa, maana halimo katika hesabu yake. Amani aliyo nayo moyoni ni ya kweli, ila bei yake imelipwa na mtu mwingine.

Atatokea mtu aseme kwamba hayo ni mambo ya mila, na mila ni ya wazee. Kwa upande wa serikali jibu ni fupi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Tena sheria hiyo yaagiza Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, ambao kazi yao ni kuwapatanisha wenye kugombea ardhi. Mjane akienda huko hatendi dhambi, wala hauaibishi ukoo. Adai kilicho chake. Lakini sisi hapa hatumwandikii mjane. Twamwandikia shemeji. Sheria humngoja mwenye kulalamika aje. Injili haimngoji, yamwendea yule asiyelalamika.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 34 ya kitabu chake, atumia maneno makali mno. Mwenye kutoa sadaka kwa mali ya maskini amfananisha na mtu amwuaye mwana mbele ya macho ya baba yake. Mwaka 1514 sura hiyo ilimkuta padre mmoja Mhispania, Bartolomé de las Casas, katika kisiwa cha Kuba. Alikuwa amegawiwa wenyeji wa kisiwa wamfanyie kazi kwa nguvu, kama walivyogawiwa Wahispania wenzake. Akatoa Misa, akahubiri, na dhamiri yake haikumsumbua sana. Alipokuwa akitayarisha mahubiri ya Pentekoste aliyasoma maneno yale, akaanza kuyafikiri, naye hakupata tena usingizi wa raha. Aliwaachilia watu wale, na siku ya Kupalizwa Bikira Maria mwaka huo huo akatangaza jambo hilo katika mahubiri, mbele ya Wahispania waliomshangaa. Miaka iliyombakia, nayo ilizidi hamsini, aliitumia kuwatetea wenyeji wa nchi zile.

Wasomaji waliojifunza historia watatukumbusha kwamba padre huyo huyo alipata kutoa shauri waletwe watumwa Waafrika kufanya kazi badala ya wenyeji, shauri ambalo alilijutia sana baadaye. Ni kweli, wala hatupendi kuificha. Dhamiri ya mtu yaweza kufunguka upande mmoja na kubaki imefungwa upande wa pili. Ndiyo sababu hatuwezi kuitegemea kumbukumbu yetu wenyewe peke yake. Yatupasa tumwulize yule mwingine.

Wazee wa zamani wa Unyakyusa wasingelistaajabia fundisho la Mateo. Monica Wilson, mtaalamu wa mila aliyezaliwa Afrika Kusini, alifanya kazi pamoja na mumewe Godfrey kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938. Kitabu chake juu ya vijiji vyao kilitoka mwaka 1951, na vile vya matambiko vikafuata mwaka 1957 na 1959. Alieleza habari za ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula nao, kunywa nao na kuongea nao, na jinsi watu wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe ili waipate raha hiyo. Alieleza pia jinsi watu walivyoogopa manung'uniko ya majirani, yaliyoitwa pumzi ya watu: mwenye kuwakosea wenzake, pumzi ile humshukia kama baridi, akaugua. Na katika matambiko jambo moja lilishikwa sana. Hasira iliyofichwa tumboni iliharibu maombi. Waliogombana walitakiwa kuyatoa nje yaliyomo, wayaseme kwa vinywa vyao. Na kupuliza maji kutoka kinywani kulikuwa ishara kwamba yaliyofichwa yametoka. Kuketi na kula pamoja huku umefunika kitu kulihesabiwa hatari.

Hatusemi matambiko yale yarudi. Hofu ya kuugua si sawa na kumpenda Mungu. Tena twajiuliza: katika vijiji vile vya wanaume wa rika moja, manung'uniko ya mjane yalisikiwa na nani? Injili haihesabu wingi wa wanaonung'unika. Ndugu mmoja yatosha kuisimamisha sadaka, hata kama ni mnyonge ambaye pumzi yake haimtishi mtu. Hata hivyo yatuonea haya kidogo kwamba wazee ambao hawakupata kuisikia Injili walijua kuwa sala na ugomvi haviwezi kukaa katika tumbo moja, na sisi tuliobatizwa tangu utoto twaviweka humo kwa miaka mingi, tukipokea na Komunyo.

Wakristu wa kwanza hawakuvumilia hayo. Kile kitabu cha kale kiitwacho Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, chaagiza kwamba waliogombana wasijiunge na wenzao Jumapili mpaka wapatane, sadaka isije ikatiwa unajisi. Katika Misa yetu twapeana amani baada ya Baba Yetu, kabla ya Komunyo. Jirani zetu wa Kongo wana utaratibu mwingine. Katika Misa iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kama nchi ile ilivyoitwa wakati huo, watu hutubu na kupeana amani baada ya mahubiri na Nasadiki, kabla vipaji havijapelekwa altareni. Ndiyo kusema wameufuata mpango wa Mateo hatua kwa hatua. Papa Benedikto wa 16 alitaka mwaka 2007 jambo la kuihamisha amani lichunguzwe kwa ajili ya Kanisa lote, na mwaka 2014 Roma ikaamua ibaki mahali pake. Nasi twatii kwa moyo mweupe.

Ila tuseme kweli: si saa ya kupeana amani itusumbuayo, ni mkono tunaoushika. Twaushika mkono wa nani? Wa aliye karibu, naye kwa kawaida ni mke, au mtoto, au rafiki tuliyekuja naye. Shemeji wa mfano wetu yuko mbele pamoja na wazee wa kanisa. Mjane yuko nyuma karibu na mlango, kwa kuwa ana mtoto anayelia. Wamekuwa katika Misa moja miaka mitatu, na mikono yao haijapata kukutana.

Na pengine mwenye neno juu yetu hasali nasi kabisa. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Misheni ya Kikatoliki ya Tukuyu iliundwa mwaka 1932, ikawa Vikariati ya Mbeya mwaka 1949, jimbo mwaka 1953, na jimbo kuu mwaka 2018. Kwa hiyo ziko koo nyingi ambamo mjomba ni Mmoraviani na mpwa ni Mkatoliki, na mipaka ya mashamba haiulizi dhehebu. Mtu wa namna hiyo, amani ya Misa yetu haitamfikia hata tungeipeana mara kumi. Lazima tumfuate kwake.

Kuna mapingamizi, nayo mengine ni ya haki. Huyu asema: ndugu yangu anisingizia; sikumchukulia kitu. Yawezekana. Bwana hakusema kwamba neno la ndugu ni la kweli. Alisema tu kwamba analo. Kumwendea si kukiri kosa ambalo hukulitenda. Ni kukaa chini na kumsikiliza mpaka amalize, jambo ambalo wengi wetu hatujapata kulifanya hata mara moja, maana tulianza kujibu akiwa katikati. Mwingine asema: nilikwenda, akanifungia mlango. Basi, huyo ametimiza sehemu yake, na Mtume Paulo awaandikia Warumi kwamba twadaiwa amani kwa kadiri ilivyo katika uwezo wetu. Na aliye mbali, au aliyekufa? Mtakatifu Augustino, alipoyafafanua Mahubiri ya Mlimani, alifundisha kwamba asiyeweza kufikiwa kwa miguu aendewe kwa moyo, mtu akijinyenyekesha mbele ya Mungu. Shauri hilo limewapendeza wengi kupita kiasi. Waliendea ndugu zao kwa moyo, na ndugu wenyewe wakaa ng'ambo ya kijito.

Waswahili husema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ni onyo zuri kwa wachochezi. Lakini tukilishika kupita kiasi litatufanya tumwache mjane peke yake, kila mmoja akiwa amelishika jembe lake. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, walikata shauri kwamba Kanisa katika nchi zetu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, jirani kwa jirani. Watu wa jumuiya moja wajua ni nani alime wapi, na alianza lini. Wakisoma Injili ya Jumapili pamoja, na sura hii ya Mateo ikawaangukia, wasiharakishe kwenda kwenye wimbo. Wala jumuiya isigeuke mahakama. Kesi ina mahali pake, na siri ya mtu si ya kusomewa watu ishirini. Bibi mmoja mwenye heshima akimwendea shemeji jioni, wakazungumza wawili tu, amefanya zaidi ya mkutano mzima.

Nasi tulio karibu na mambo ya Kanisa tusijifiche nyuma ya wengine. Parokia inayojenga hufurahi kumpata mtoaji mkubwa. Jina lake husomwa, watu humpigia makofi, naye huchaguliwa kuwa mwenyekiti wa hiki na kile. Ni nani awezaye baada ya makofi hayo kumwuliza habari za shamba la bondeni? Zakayo hakupigiwa makofi. Alisimama mwenyewe, akasema atawarudishia mara nne wale aliowadhulumu, na siku hiyo wokovu ukaingia nyumbani mwake. Angalieni kwamba aliyasema hayo kwa kinywa, watu wakisikia, tena kwa hesabu.

Basi shemeji na aende Jumamosi jioni, kabla ya Misa na si baada yake. Asende na maneno mengi ya dini, wala asiende na zawadi ya sukari mkononi ya kumnyamazisha. Alitaje shamba kwa jina lake, na miaka mitatu kwa hesabu yake. Neno gumu litakuwa miparachichi, kwa kuwa yeye aliinunua miche, akachimba mashimo na kupalilia. Hilo nalo ni jasho la haki. Wanaweza kupatana kwamba mavuno ya kwanza yamrudishie gharama, kisha shamba na miti yake viwe vya watoto wa marehemu, na wawepo mashahidi wawili, mmoja wa upande wa mjane. Mjane naye apewe nafasi ya kusema yote aliyoyanyamazia, hata kama ni mpaka usiku. Mkungu wa ndizi na ubaki kibarazani. Hauozi kwa siku moja. Na kama mazungumzo hayakwisha na kengele ya Jumapili ikawakuta wamekaa, Jumapili nyingine ipo, na altare haiondoki mahali pake.